Chombo cha Kwanza cha Mtoto: Kayaki, Mtumbwi na Ghururi za Watu Wazima

Hakuna kitu kilichofanyizwa kazi nyingi katika ushairi wa Kiswahili kuliko chombo. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye wataalamu wengi huuweka mwisho wa uhai wake mnamo 1840, hadi tungo za magazeti ya jana, jahazi limebeba dola, dau limebeba mapenzi, mtumbwi umebeba ufukara, na nahodha amekuwa mfalme, mume, mwalimu na rais. Vyombo hivyo vimekwenda mrama, vimevunjika milingoti, vimepigwa na kusi na kaskazi, na vimezama mara elfu bila ya kuulowesha hata ukurasa mmoja. Huo ni urithi mkubwa wala haubezwi hapa. Lakini urithi huo una ila yake: umewazoesha watu kukitazama chombo kama mfano wa kitu kingine. Na pale mzazi wa Mwanza anapotaka kununua chombo cha kwanza cha kuwatembezea wanawe ziwani siku ya mapumziko, lugha ile ile iliyojaa vyombo humwacha mikono mitupu.

Swali lake si dogo. Mwanza ni mji uliokaa juu ya majabali na kuzungukwa na maji. Mtoto anayekulia Kirumba, Igogo au Bwiru huliona ziwa kila siku kabla ya kujua kusoma. Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, kiko karibu na Capri Point kiasi cha kumfanya mtu adhani angekifikia kwa makafi machache. Siku hizi, pamoja na mitumbwi ya wavuvi na boti za injini, kimeingia chombo kingine kinachosifiwa na watu wa mijini: kayaki, chombo chembamba cha plastiki au cha mpira wa kujazwa upepo, kiendeshwacho kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Mzazi huuliza: ninunue ipi? Naye hujibiwa na makundi matatu. La kwanza humwambia kuwa kayaki ni mchezo wa Wazungu, mtumbwi wa mababu watosha. La pili humwambia kuwa kayaki ndiyo usasa, na mtumbwi ni gogo la kifo. La tatu humwambia achukue chochote kile, kwani ajali haina kinga.

Makundi yote matatu yamekosea, na kosa lao ni moja. Kila moja lajibu swali la mtu mzima: chombo hiki kitanifanya nionekaneje? Hakuna linalojibu swali la mtoto: nikianguka majini, itakuwaje? Chombo cha familia hakichaguliwi kwa namna kinavyoelea, kwa kuwa hata kifuu cha nazi huelea. Huchaguliwa kwa namna kinavyopinduka.

Kabla ya kuyajibu makundi hayo inafaa kuliangalia ziwa lenyewe, hasa kwa ajili ya wasomaji wa visiwani na mwambao, ambao mara nyingine hulisikia neno ziwa wakafikiri dimbwi. Nyanza ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Unguja na Pemba kwa pamoja zaweza kuingia humo zaidi ya mara 20, na bado pakabaki maji ya kusafiria. Kina chake si kikubwa. Pahala penye kina kirefu kabisa hupata mita 80 hivi. Lakini uhaba huo wa kina si rehema. Maji mapana yasiyo na kina, yakipigwa na upepo, huzaa mawimbi mafupi, yenye vichwa vikali na yaliyofuatana karibu karibu, yasiyokipa chombo kidogo nafasi ya kupumua. Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyejifunza kuogelea Malindi au Mkoani hulisahau: maji baridi hayambebi mtu kama maji ya chumvi. Tofauti si kubwa, lakini mtoto aliyezoea kuelea baharini ataona ziwani kwamba maji yanamvuta chini zaidi ya alivyozoea.

Kisha kuna upepo. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukoni. Usiku mambo hugeuka: maji hubaki na joto lake, nchi hupoa, na upepo hutoka pande zote za ufuko kwenda kukutana katikati ya ziwa. Huko hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa tufani za radi, ambazo huwakuta wavuvi usiku wa manane na alfajiri. Kwa hiyo maji yanayoonekana kama kioo saa kumi na mbili asubuhi yanaweza kuwa na upepo mwanana unaosukuma kila kitu chepesi kwenda nje, polepole na bila ya kelele. Na alasiri iliyoanza kwa utulivu yaweza kwisha kwa mawimbi yaliyojaa povu. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wahenga wa pwani. Anayetoka Unguja na elimu yake ya kusi na kaskazi hana budi kuanza darasa la kwanza akifika Nyanza.

Sasa na tulisikilize kundi la kwanza, la wazalendo wa mtumbwi. Wana hoja, na si haki kuipita. Watu wa Nyanza ni mafundi wa vyombo tangu kale. Waganda na watu wa visiwa vya Ssese waliunda mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za miti, ufundi ambao mtu wa Lamu, kwao mtepe, ataumaizi mara moja, kwani naye babu yake alishona chombo bila ya msumari. Hata leo mtumbwi wa mbao ndio mguu wa wavuvi wa ziwa zima. Ilipoanguka ndege ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika, na baadhi ya waliosalimika wanawiwa uhai na mikono hiyo. Watu 19 walikufa. Bila ya mitumbwi ile huenda wangekuwa wengi zaidi. Anayeuita mtumbwi gogo la kifo na aizingatie siku ile.

Lakini sifa za mtumbwi ni sifa za mvuvi, na mvuvi hauzwi pamoja na chombo chake. Uzani uliomo katika mtumbwi wa kazi haumo katika mbao. Umo katika magoti, kiuno na jicho la mtu aliyeuendesha tangu utotoni. Mweke humo baba wa mjini, mama mwenye mtoto pajani, watoto wawili wanaoinuka kila wanapomwona ndege, na kapu la chakula, na uzani ule hutoweka. Mtumbwi ukiingia wimbi hujaa, ukijaa hulala ubavu, na ukilala ubavu hauwi tena chombo bali gogo la kushikilia. Mtu wa pwani alilitambua tatizo hili zamani, akalitibu kwa kuuongezea mtumbwi matengo, yale magogo ya pembeni yaliyofungwa kwa miti ya kukingama, ukawa ngalawa. Mitumbwi ya Nyanza haina matengo. Basi anayesema kwamba mtumbwi wa mababu watosha, hana budi kwanza aseme ni mababu gani, na mtumbwi gani, na umtoshe nani. Wavuvi wenyewe hawajidanganyi: makadirio yanayotajwa na wataalamu wa hali ya hewa ni kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika ziwa hili, na wengi wao ni watu wa kazi, si wageni wa matembezi. Ikiwa mabingwa huzama hivyo, mwanagenzi hana haki ya kuazima jina lao.

Hoja nyingine ya kundi hili ni kuwa kayaki ni kitu cha kigeni. Hii ni dhaifu zaidi. Vyombo vigeni vimelisafiri ziwa hili kwa miaka mingi, na mwambao ulishiriki kuvileta. Mnamo Machi 1875 Stanley aliishusha majini mashua yake, Lady Alice, kutoka Kageyi, si mbali na Mwanza. Mashua hiyo haikufika huko kwa tanga. Ilikuwa imegawanywa vipande, na vipande vile vilibebwa mabegani na wapagazi kutoka pwani hadi Nyanza. Ugeni wa chombo haujapata kuwa sababu ya kukikataa wala ya kukikubali. Wapagazi wale walijua uzito wake. Fahari ikabaki kwa mwingine.

Kundi la pili, la wapambe wa kayaki, hufanya kosa lile lile kwa upande wa pili. Wao huona kwamba kitu kilichotoka kiwandani, chenye rangi ya machungwa na maandishi ya Kiingereza, ni salama kwa sababu ni kipya. Laiti wangejua kayaki imetoka wapi. Kayaki ni chombo cha Wainuiti, watu wa nchi za barafu za kaskazini, waliofunika fremu ya miti au mifupa kwa ngozi za sili. Ilikuwa chombo cha mwindaji mmoja. Kila mtu aliunda yake kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe, kwa urefu wa mikono na upana wa nyonga, kama mtu ashonavyo kanzu. Ilikuwa nyembamba, kali, yenye kasi, na aliyeipanda alijifunza kuigeuza irudi wima bila ya kutoka ndani yake. Je, Wainuiti waliwapandisha wake na watoto wao humo? La. Kwa safari za familia walikuwa na chombo kingine kabisa, kipana, kilichokuwa wazi juu, kilichobeba wazee, watoto, mbwa na mizigo, na mara nyingi wanawake ndio waliokivuta kwa makasia. Chombo hicho huitwa umiaki. Basi wenye kayaki yao waliligawa jambo hili tangu kale: chombo cha kuwindia mbali, na chombo cha watoto mbali. Mpambe wa Mwanza anayemkalisha mtoto wa miaka sita katika tundu la kayaki nyembamba haigi Wainuiti. Anafanya jambo ambalo Wainuiti wangelishangaa.

Hapa ndipo neno moja, kayaki, linapodhuru, kwa kuwa limefunika vitu visivyofanana. Iko kayaki ya tundu, ambayo mtu huingiza miguu ndani yake. Iko ya wazi, ambayo mtu hukaa juu ya mgongo wake kama akaavyo juu ya jamvi. Na iko ya kujazwa upepo. Ya tundu, ikipinduka na kama haina vyumba vya hewa vilivyozibwa omo na tezi, huweza kumeza maji zaidi ya lita 100, nayo kila lita ni kilo moja. Mzazi aliye peke yake majini na watoto wawili hataweza kuikumba maji wala kuigeuza. Ya kujazwa upepo ni nyepesi, hukunjwa na kupakiwa nyuma ya gari. Lakini wepesi huo ndio unaoifanya iwe mali ya upepo, na majabali ya Mwanza hayana huruma na mpira. Vile vidude vya kuchezea vinavyouzwa kwa umbo la boti visihesabiwe kabisa kuwa vyombo. Ya wazi ni bwege, pana na haina madaha. Hulowesha makalio ya aliyeikalia. Haina kasi, haina umbo la mshale, haimpendezeshi mtu pichani. Lakini mwili wake umezibwa kote na kujaa hewa, maji yanayoingia juu hutoka yenyewe kwa matundu yaliyopita katikati, na ikipinduka mtu huigeuza, akalala kifudifudi juu yake, akajivuta na kukaa tena. Mtoto akianguka, hakuna tundu la kumnasa miguu.

Hiyo ndiyo inayofaa kuwa chombo cha kwanza, na ubaya wake wa sura ndio hoja ya kuichagua. Ya watu wawili, yenye upana usiopungua sentimita 75 na ikiwezekana zaidi ya 80, mtu mzima mmoja nyuma na mtoto mmoja mbele. Familia ya watu wanne ni vyombo viwili vyenye watu wazima wawili. Si chombo kimoja kilichosongwa. Uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji usifikiwe. Mwenye busara huishia theluthi mbili yake, kwani chombo kilichojaa hadi mwisho wa kipimo chake kimekwisha kuanza kuzama, ila hakijasema. Na kwa kuwa chombo cha namna hiyo huwa na kilo 25 hadi 35, asiye na mtu wa kumsaidia kukibeba ajue mapema kwamba atakiburura juu ya mawe, na mawe yatakitoboa.

Msomaji wa mashairi ataona mabishano haya hayamwii mageni. Miaka ya 1970, hasa baada ya kuchapishwa Kichomi mnamo 1974, wapenzi wa ushairi wa Kiswahili waligawanyika juu ya vina na mizani. Mtunzi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa mtoto wa ziwa hili hili, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mnamo 1944; alifariki Januari 2020. Upande mmoja ulisema umbo la kale ni ushairi wenyewe, na lisilo hilo si ushairi. Upande wa pili ulikuwa na wapambe walioona kwamba kuvunja umbo kwatosha kumfanya mtu awe mpya. Wengi wa pande zote mbili walisahau kuuliza kama shairi lililo mbele yao lilibeba kitu na kulifikisha. Katika ushairi, kosa hilo huzaa tungo mbovu na magomvi ya magazetini. Ziwani, huzaa jeneza dogo.

Linabaki kundi la tatu, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa kuwa halibishani. Husema: ajali haina kinga. Methali hii ni ya faraja, na faraja mahala pake ni matangani. Wakaiondoa huko, wakaiweka bandarini, mahala pa kutengenezea safari. Iangaliwe kumbukumbu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Makaburi yao wengi yako Igoma. Meli ile haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa, tumbo juu, kwa hewa iliyobaki ndani, na walipotoboa chuma ili kuwatoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani, hewa ikatoka, nayo ikazama. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, imejaa kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka mita chache tu kabla ya gati la Ukara. Waliokufa wakahesabiwa 228 na waliookolewa 41. Kila moja ya misiba hii iliombolezwa kwa mashairi, na mengi yalisema hiyo ndiyo kudura. Hakuna anayemkataza mfiwa kusema hivyo. Lakini kupakia watu 200 na zaidi mahala pa 101 ni hesabu, na hesabu ina mwenye kuihesabu.

Ataulizwa mtu: meli na kayaki zina uhusiano gani? Uhusiano ni mmoja tu, nao unatosha. MV Nyerere iliwaua watu wakiwa wanauona ufuko. Mzazi wa matembezi, anapoonywa, hujibu kwa fahari: hatuendi mbali, tutakuwa hapa hapa karibu. Ukara ilikuwa karibu. Kwa asiyejua kuogelea, mita 30 na kilomita 30 ni mamoja. Mazoea ya kupakia kupita kiasi hayaanzii kwa nahodha wa kivuko. Huanzia katika chombo kidogo, siku ya furaha, pale baba anaposema mtoto mmoja zaidi hadhuru, na watoto wanamsikia na kujifunza.

Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza cha kununua si kayaki wala mtumbwi. Ni jaketi okozi, moja kwa kila mtu, la kipimo chake. Liangaliwe nguvu yake ya kuelea, inayoandikwa kwa nyutoni. Lenye 50 ni la mtu ajuaye kuogelea na aliye karibu na msaada. Asiyejua kuogelea, na mtoto, astahili lenye 100 au zaidi, lenye mkanda unaopita kati ya miguu. Jaribio lake ni jepesi: mtoto alivae, lifungwe, kisha ainuliwe kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, si lake, hata kama ni zuri. Baba naye avae. Hakuna kitu kinachomvua mtoto jaketi upesi kama kumwona baba yake amelikalia.

Hapa hutokea hoja nzito kuliko zote, hoja ya umaskini, nayo haijibiwi kwa dharau. Familia nyingi za Mwanza hazitanunua kayaki mwaka huu wala mwaka ujao. Kwao mapendekezo ya upana na nyutoni yaweza kusikika kama ngonjera za matajiri. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho wake huwapiga wapambe wa kayaki, haiwapigi wenye kudai majaketi. Mwenye fedha kidogo akitumia zote kununua chombo, amenunua nusu ya hatari. Akinunua jaketi na kupanda mtumbwi wa jirani anayeujua, siku ya utulivu, karibu na ufuko, amenunua nusu ya usalama, na nusu nyingine ameipata kwa ujuzi wa jirani. Jaketi katika mtumbwi wa kuazima ni bora kuliko kayaki mpya yenye watoto wasiovaa kitu. Na lipo jambo lisilouzwa: kuogelea. Huko Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na mji haukuanguka. Hakuna sababu ya watoto wa Ilemela, wa kike na wa kiume, kulitazama ziwa miaka 15 bila ya kufundishwa kupumua juu yake.

Mahala pa kuanzia nako kuna hila yake. Aliyeonywa kuhusu mawimbi hukimbilia kwenye vighuba vilivyotulia, vyenye matete na magugumaji, akidhani ndiko kwenye salama. Huko kwenye maji yaliyolala ndiko kwa konokono wa kichocho, maradhi yaliyoenea sana katika fuko za Mwanza, na ndiko kwa viboko na mamba. Pahala pafaapo ni ufuko wa mchanga au mawe, usio na majani, unaofikwa na mawimbi madogo, ambao wavuvi wa hapo wameulizwa habari zake kwanza. Saa yake ni asubuhi, upepo wa usiku ukishakata na wa mchana haujashika nguvu. Na kazi ya siku ya kwanza si safari. Ni kukiingiza chombo maji ya kiunoni na kukipindua makusudi, wote wakiwa wamevaa, mara tatu, mara nne, hadi mtoto acheke badala ya kulia, na hadi mzazi aweze kukigeuza na kupanda bila ya kusaidiwa. Asiyeweza hivyo kiunoni hataweza kwenye kina. Chombo ambacho mwenyewe hawezi kukipindua na kukirudisha, na akiuze kwa mvuvi, ama akifanye kihori cha kulishia mbuzi.

Watunzi nao wana deni katika haya. Kiswahili kina omo na tezi, goshi na demani, mkuku na mataruma, kafi na kasia, kukumba na kutweka. Ni msamiati wa watu waliokuwa wakiogopa kufa maji na waliochukua hatua. Umegeuzwa pambo la kusifia mapenzi na kulaani serikali, na pambo hilo limependeza. Lakini neno lisilorudi kazini mara moja moja huota kutu kama nanga. Ukerewe imekipa Kiswahili Kezilahabi, na kabla yake Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka iliandikwa kwa Kikerewe ndipo ikatoka kwa Kiswahili mnamo 1980. Kisiwa kilichotoa watu hao kinastahili kulipwa na mwambao kitu kingine zaidi ya rambirambi za vina kila kivuko kinapopinduka. Utungwe hata wimbo mmoja wa watoto, wa kuimbwa ufukoni, wenye kuwaambia wafunge mkanda, wakae, wasisimame, na wamwulize baba jaketi lake liko wapi.

Mtoto akiuliza hivyo mbele za watu, baba ataona haya. Na aone. Haya humtoka mtu kabla ya jua kuchwa.